Baada ya Utepe: Fedha za Kutunza Tulichojenga

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam

  

Sisi wa Kamati ya Fedha tumepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ametuonya mapema kwamba wahasibu wakishika maikrofoni husoma mahesabu mpaka pilau linapoa. Mahesabu mnayo mezani, yamekaguliwa, na kila mwenye swali atajibiwa. Hatutayasoma. Tumekuja na jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi hizo, na tutaeleza kwa nini halimo.

Desemba iliyopita tulipopanda nyumbani kwa sikukuu, wanne wetu tulikwenda kuliangalia bweni la wasichana. Mnalikumbuka. Picha yake ilikaa kwenye jalada la kijarida hiki miaka miwili mfululizo, bati jekundu na migomba nyuma yake. Tulilikuta na kufuli. Tukadhani ni likizo. Mlinzi akatuambia limefungwa tangu mwezi wa saba.

Kilichotokea ni hiki. Masika ilishusha udongo kidogo pale juu ya shule, ukavunja bomba linaloleta maji kutoka kwenye chanzo. Kipande chenyewe hakifiki mita thelathini. Tangi likakauka, vyoo vikakosa maji, afisa afya akaja akasema watoto wasilale humo. Alikuwa sahihi, sisi pia tusingewalaza wa kwetu. Wasichana wanaotoka upande wa pili wa mlima wakarudi kule kule tulikowatoa: magheto ya kupanga karibu na soko, chumba kimoja watatu au wanne, wanajipikia kwa mkaa na kulala bila mtu mzima. Ninyi ni wazazi, hatuna haja ya kuendelea. Wawili kati yao hawakurudi darasani tena.

Tulimwita fundi atupe hesabu ya mabomba, viungio, koki mbili na kazi ya siku mbili. Kwa kuwa sisi ni watu wa risiti, tulirudi kwenye faili la sherehe ya uzinduzi tukalinganisha. Ukarabati wote ulikuwa chini ya tulicholipa kukodi maturubai, viti na muziki siku ya kukata utepe.

Mama mmoja ambaye binti yake alikuwa humo bwenini alituuliza swali pale pale uwanjani, bila kupandisha sauti. Alisema: "Mlipokuja kuzindua, tuliwapikia. Maji yalipokatika, tulitafuta namba ya kumpigia mtu, hatukuipata." Hatukuwa na jibu. Tulisema tutalifanyia kazi, kama wanavyosema watu wote wasio na jibu.

Sasa, Wapare tunajulikana. Watani wetu wanasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolifanya tuliporudi ni kumtafuta wa kumshitaki. Tulipitia vocha zote za bweni. Hakuna aliyeiba. Saruji iliyonunuliwa ndiyo iliyotumika, mkandarasi alilipwa kwa hatua, mkuu wa shule aliandika barua mbili kuomba msaada na nakala zake tumeziona. Barua moja ilitufikia sisi. Tuliijibu kwamba bajeti ya mwaka huu imeelekezwa kwenye jengo jipya la utawala. Tungefurahi sana kumpata mwizi, maana mwizi hufukuzwa mambo yakaisha. Tulichokipata ni barua yenye sahihi yetu.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza kama wataalamu, maana kazini kwetu tusingefanya kosa hilo. Kampuni yoyote ikinunua lori, siku hiyo hiyo mhasibu anaanza kuandika uchakavu. Lori la milioni 60 litakalodumu miaka kumi linakula milioni 6 kila mwaka, liwe linatembea au limeegeshwa. Anayeandika faida bila kuondoa uchakavu anajidanganya, na mkaguzi atamrudishia vitabu. Tunafanya hivyo kwa malori ya watu wengine kila siku ya Mungu. Lakini kwenye vitabu vya chama chetu, majengo yote tuliyojenga tangu tuanze yameandikwa kwa bei ile ile ya siku ya uzinduzi, kana kwamba bati halishiki kutu na mlango wa choo cha shule haung'oki bawaba. Tumefanya makadirio ya haraka: ukichukua jengo la milioni 60 na ukalipa miaka thelathini, lazima utenge milioni 2 kwa mwaka ili likichoka uwe na cha kulirudishia. Sasa hesabuni wenyewe majengo tuliyo nayo. Deni hilo tumekuwa nalo miaka yote, ila hatukuliandika. Ndiyo maana halimo mezani.

Na si sisi peke yetu. Tukitazama vitabu vya nchi, bajeti zimezoea kugawanywa mafungu mawili. Kuna bajeti ya maendeleo na kuna bajeti ya matumizi ya kawaida. Kujenga darasa ni maendeleo. Mshahara wa mwalimu wa kuingia humo, chaki, umeme na kupiga rangi ni matumizi ya kawaida. Majina hayo yamefanya madhara kuliko watu wanavyofikiri. Kila mtu anataka kuonekana kwenye maendeleo, kuanzia mfadhili wa nje, mbunge, diwani, mpaka chama cha wazawa kama sisi. Nani atachapisha fulana ya kuadhimisha matumizi ya kawaida? Wafadhili wengi kwa miaka mingi walikuwa wakisema waziwazi kwamba wao watajenga na nchi husika itaendesha. Nchi husika ni maskini, ndiyo maana ilijengewa. Kwa hiyo inapewa mali ambayo haina uwezo wa kuilisha, halafu baada ya miaka kumi inakopa kuijenga upya.

Hili limepimwa kwenye barabara kuliko mahali pengine popote. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikokotoa kwamba kama Afrika ingetumia dola bilioni 12 kutengeneza barabara kwa wakati katika miaka kumi iliyotangulia, ingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Karibu mara nne. Sisi tuliosoma miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 hatukuhitaji ripoti, tulikuwa ndani ya basi. Wakubwa hapa wanakumbuka safari ya kutoka Same kupanda nyumbani wakati wa mvua, abiria wote chini wanasukuma, mama zetu na vikapu kichwani, na kondakta anadai nauli kamili.

Kilichobadilika Tanzania, kwa kiasi kilichobadilika, ni kwamba fedha za kutunza barabara zilipewa chungu chao. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1998, na Bodi ya Mfuko wa Barabara ilipoanza kazi mwaka 2000, kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua ina tozo ndani yake, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matengenezo, si kwenye barabara mpya. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizi zetu za vijijini na mitaani. Tulilalamika kwenye vituo vya mafuta, na tuna haki ya kulalamika. Lakini angalieni wazo lenyewe: anayeitumia barabara anailipia kidogo kidogo kila siku, na fedha yake haichanganywi na fedha ya kujengea.

Haijatosha. Barabara yetu ya kupanda bado inakatika, na mara nyingi inakatika kwa sababu ya kitu kidogo. Kalavati limejaa majani na mawe, maji yanakosa pa kupita, yanapanda barabarani, yanaondoka na nusu ya barabara. Mtu mmoja mwenye jembe na koleo, siku mbili kabla ya vuli na siku mbili kabla ya masika, angezuia. Barabara ikikatika bodaboda anapandisha bei mara mbili, gunia la tangawizi linalala njiani, na mnunuzi wa mjini anajua kwamba mkulima hana pa kwenda, kwa hiyo anataja bei anayoitaka yeye. Hasara hiyo haiandikwi popote. Inaonekana Januari, ada na sare zinapotakiwa.

Kwenye shule hadithi ni ile ile, tena imejirudia. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe ameingia darasa la kwanza kufikia 1977, na taifa liliitikia kwa kasi ambayo majirani waliishangaa. Wengi wetu hapa wazazi wetu walifundisha au kufundishwa wakati huo. Lakini fedha za kuendesha hazikufuata, uchumi ukaanguka, na kufikia miaka ya 1990 watoto walikuwa wanakaa sakafuni na uandikishaji ukashuka. Tukaanza tena: MMEM mwaka 2002, MMES mwaka 2004, halafu shule za kata. Shule za sekondari nchini zilitoka kama elfu moja mwaka 2003 na kupita elfu nne mwaka 2012. Ni kazi kubwa, na tusiidharau, maana kabla ya hapo mtoto wa darasa la saba aliyefaulu alikuwa anakosa nafasi kwa sababu tu viti havipo. Sisi tulichangia. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Madarasa yalikuwapo. Walimu wa hisabati na sayansi, vitabu, na mwanga wa kusomea jioni vilikuwa vichache mno.

Kisha likaja agizo la maabara, vyumba vitatu kila sekondari ya kata. Tukachangishana tena. Ukumbi huu huu, au uliofanana nao. Tulipokwenda Desemba tulifungua maabara ya kemia. Meza zipo, sinki zipo, mitungi ya gesi ipo miwili na yote mitupu. Kwenye kabati kulikuwa na chupa za kemikali zilizopitwa na muda na mpira wa miguu uliotoka upepo. Katika taarifa yetu ya mwaka ule tuliandika kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja. Sisi ndio tulioandika.

Tangu 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, na jambo hilo limewasaidia watu wetu mno, hasa wale wenye watoto watatu sekondari kwa mpigo. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka na shilingi 10,000 kwa wa shule ya msingi. Fanyeni hesabu kwa shule ya watoto 400: ni milioni 10 kwa mwaka mzima, na sehemu yake imetengwa kwa vitabu. Ukigawanya kinachobaki kwa miezi kumi na miwili, halafu ukatoa umeme, karatasi, mitihani na chaki, utaona kwa nini bomba la mita thelathini linaweza kuifunga nyumba ya watoto themanini. Mkuu wa shule hawezi kumlazimisha mzazi kuchanga, na ni vizuri asiweze. Basi aliandika barua kwetu.

Kwenye maji tutapita haraka kwa sababu kila mtu hapa ana hadithi yake. Vituo vya maji vijijini vilipoorodheshwa nchi nzima miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kumi vilikutwa havitoi maji. Vingi havikuwa vikuukuu. Ni koki, ni mashine, ni mtu wa kukusanya shilingi mbili tatu za kila ndoo aliyekata tamaa kwa sababu wanakijiji walimwambia maji ni ya Mungu. Maji ni ya Mungu, hatubishi. Bomba tulinunua dukani.

Lakini mtu wa Upare akituambia kwamba utamaduni wa kutunza ni mambo ya kizungu, tutamwomba arudi nyumbani akaulize habari za ndiva. Mababu zetu walichimba mabwawa hayo milimani na mifereji yake kabla hatujajua neno mradi. Ndiva inajaa usiku, inafunguliwa asubuhi, maji yanashuka shambani kwa zamu. Nani aliizindua? Hakuna anayemjua. Tunachokijua ni nani aliisafisha, maana kila msimu tope lazima litolewe, na aliyeitwa kwenye msaragambo asitokee alitozwa faini au zamu yake ya maji ikarukwa. Mzee asiyeweza kushika jembe alimtuma mjukuu. Mwenye shamba kubwa alitoa watu wengi zaidi. Kulikuwa na kanuni, kulikuwa na msimamizi, na kulikuwa na adhabu. Ule ulikuwa mfuko wa matengenezo, ila sarafu yake ilikuwa jasho. Sisi tulioshuka mjini tukaleta fedha badala ya jembe, na bahati mbaya tukaleta fedha za kuchimba ndiva mpya tu.

Kwa hiyo tunalo ombi, na tunajua halitawafurahisha wote. Mwaka huu mlitarajia tuwaombe fedha za kumalizia jengo la utawala. Tunaomba jengo hilo lisubiri. Tunaomba harambee ya leo ianzishe Mfuko wa Matunzo, na kuanzia mwakani kila shilingi 100 itakayochangwa kwa ujenzi wowote, shilingi 20 ziingie kwenye mfuko huo kabla hata tofali halijanunuliwa. Kama jengo halina 20 zake, lisijengwe.

Mfuko wenyewe hatutaki uliwe. Ndugu zetu Waislamu wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa vitabu, kwa sababu wanao wakfu: shamba la minazi au nyumba ya kupangisha haiuzwi, kinachotumika ni mazao yake, na kuna misikiti ya pwani iliyoendeshwa hivyo vizazi na vizazi. Tunataka kitu kama hicho. Wadhamini wetu wanaweza kununua hatifungani za Serikali, ambazo zinaanzia shilingi milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka kwa miaka mingi. Tuchukue mfano. Tukiweka milioni 40 kwa riba ya asilimia 12, tunapata milioni 4.8 kwa mwaka. Tafadhali msizitumie zote kichwani mwenu saa hii. Bei za vitu zinapanda, na tukila riba yote, baada ya miaka ishirini tutabaki na milioni 40 zile zile ambazo hazitanunua hata bati la bweni. Ushauri wetu ni kwamba karibu theluthi moja ya riba irudi kwenye mtaji kila mwaka na iliyobaki ndiyo ifanye kazi. Kwa mfano huo ni kama milioni 3.2. Ni fedha ndogo. Zingetosha kulitengeneza bomba lile, kujaza mitungi ya gesi, na kumlipa mtu wa kufagia makalavati mara mbili kwa mwaka, na chenji ingebaki.

Mnaofuatilia masoko mtakuwa mmeona walichofanya majirani zetu wa Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 13.5, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua mtandao wa maji, na wawekezaji walitoa zaidi ya kilichoombwa. Sisi kama kamati tunaitaja kwa sababu moja. Watu waliikopesha kwa kuwa wateja wake wanalipa ankara. Fedha ya kukopa ilikwenda mahali ambapo fedha ya kuendesha ilikuwa imeshapatikana. Huko kwetu juu mara nyingi tunatafuta mkopo, ruzuku au mfadhili kwa kitu ambacho hakuna aliyekubali kukilipia siku ya pili. SACCOS zetu zinatuambia hivyo hivyo kuhusu vijana: hawakosi mtu wa kumkopesha pikipiki, wanakosa kijana aliyeweka akiba ya tairi.

Tumesikia pingamizi tatu tangu tulipoanza kulizungumza hili pembeni. La kwanza ni kwamba matengenezo ni kazi ya Serikali. Kweli, na tutaendelea kuidai: barua kwa halmashauri zimeandikwa na RUWASA wamekuja kupima chanzo. Lakini bajeti ikipita mwezi wa sita na bomba likavunjika mwezi wa saba, watoto wanalala wapi hapo katikati? La pili ni kwamba watu hawachangii wasichokiona. Hili ni gumu, hatutajifanya halipo. Baadhi ya wachangiaji wetu wakubwa wanapenda jina lao liwe ukutani, na wamelistahili. Tumefikiri kibao cha mtu aliyelitunza jengo miaka mitano kinaweza kuwekwa pembeni ya kibao cha aliyelijenga. Kama kuna mwenye wazo bora zaidi, atuambie.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: fedha zikikaa benki miaka ishirini, mtazila. Hatukasiriki. Januari 1945 wazee wetu kwa maelfu waliteremka Same na kukaa huko kwa majuma mengi kwa sababu ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa mtu kukadiriwa kiasi chake kwa namna isiyoelezeka, na wakasema hawarudi milimani mpaka waelezwe. Kodi ile hatimaye iliondolewa. Wajukuu wa watu wale wana haki ya kutuuliza sisi kila senti. Kwa hiyo tunapendekeza hivi: sahihi tatu, mmoja wa watia sahihi awe mwanamke anayeishi kijijini na si mjini, taarifa ya benki ibandikwe kila baada ya miezi mitatu kwenye ofisi ya kata, kanisani na msikitini, na mtaji usiguswe bila theluthi mbili ya mkutano mkuu. Sisi tulioko kwenye kamati sasa tusiruhusiwe kukopa humo hata kwa msiba.

Na kwa kuwa tumetaja uwazi, tuna kosa la kukiri mbele yenu. Bomba la bweni limeshatengenezwa. Lilitengenezwa Januari kwa fedha tulizochukua kwenye akaunti ya jengo la utawala, bila kibali cha mkutano. Katiba yetu hairuhusu. Tulikuwa na siku tisa kabla shule hazijafunguliwa, tukaamua wenyewe usiku kwenye simu. Muamala huo umo kwenye mahesabu yenu, ukurasa wa nne, mstari wa saba, umeandikwa "matumizi yasiyoidhinishwa" kwa sababu ndivyo yalivyo. Tunaomba mkutano uyaridhie au uyakatae. Ukiyakataa, wanne tuliokwenda Desemba tutarudisha fedha hizo mifukoni mwetu, na tumeshagawana.

Wasichana wamerudi, lakini si wote. Kati ya vitanda themanini, kumi na moja vilikuwa wazi tulipopiga simu juma lililopita. Wazazi wengine wameona afadhali gheto analolijua kuliko bweni linalofungwa katikati ya mwaka. Wale wawili tumewatafuta. Mmoja yuko mjini hapa hapa anafanya kazi za ndani, na mmoja wa mama zetu waliokaa meza ya tatu amekwenda kuzungumza na mwenye nyumba. Wa pili ameolewa.

Kadi za ahadi zinapita sasa. Mwaka huu zina mistari miwili: wa juu ni wa Mfuko wa Matunzo, wa chini ni wa jengo. Atakayejaza wa chini peke yake tutampokea kwa mikono miwili, ila fedha zake zitasubiri 20 zake. Wenye kalamu waazimeni wenzenu. Nyuma ya kadi tumechapa namba moja ya simu. Namba hiyo imeshabandikwa mlangoni kwa bweni, zahanati na kwenye tangi la maji, na tumepanga zamu ya kuipokea, mwezi kwa mwezi. Mwezi huu ni zamu ya mweka hazina. Juma hili imelia mara mbili: mara ya kwanza ni mtu aliyekosea namba, mara ya pili ni mpishi wa shule, anasema koki ya jikoni inavuja.